Ndege ya mafunzo ikipoteza gurudumu, inatuaje?

Septemba 2018, mwanafunzi wa urubani wa miaka 17 alikuwa peke yake kwenye Piper Warrior, akiruka kutoka uwanja wa Beverly, jimbo la Massachusetts, Marekani. Gurudumu la kulia likachomoka. Mwalimu akamtuliza na kumwelekeza kwa redio, akatua bila kuumia.

Jambo la kwanza ni kutokuwa na haraka: rubani huzunguka kwanza, zimamoto wajiandae. Akitua, hugusa chini taratibu kwa gurudumu lililobaki, akiliinua bawa la upande mbovu kadiri mwendo unavyoruhusu. Hukata mafuta na umeme kuzuia moto, kisha hutoka mbio. Ndege ikiharibika hutengenezwa. Muhimu aliyemo atoke mzima.