Uzito wa Nyanda za Juu: Nini Kinaipasua Ardhi ya Njombe?

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu mwendo wa mabamba ya dunia ni kwamba hubebwa na mikondo ya miamba moto inayopanda na kushuka chini yake. Arthur Holmes alilieleza wazo hilo mwishoni mwa miaka ya 1920, akijibu swali lililomshinda Alfred Wegener: nguvu gani inahamisha mabara? Mwaka 1975 Donald Forsyth na Seiya Uyeda walilinganisha mabamba mbalimbali, wakaonyesha kuwa nguvu kuu ni uzito wa bamba la bahari lililopoa, ambalo huzama na kuvuta sehemu iliyobaki nyuma.

Kwa Njombe, maelezo yote mawili hayatoshi. Afrika imezungukwa magharibi, kusini na mashariki na migongo ya bahari ambako ganda jipya huzaliwa. Bamba lake huzama upande wa Mediterania tu. Migongo hiyo huibana, haiivuti. Hata hivyo, bara linapasuka. Anayetoka Makambako kwenda Mbeya hushukia bonde la Usangu, na akifika Chimala huona upande wa kushoto ukuta wa milima uliokatwa na ufa. Tawi hilo la ufa hukutana na yale ya Rukwa na Nyasa kwenye volkano za Rungwe. Huko Ludewa, milima ya Livingstone hupita mita 2,000, ilhali uso wa Ziwa Nyasa uko kwenye mita 470 hivi na kina chake hukaribia mita 700. Yaani sakafu ya ziwa, mahali penye kina zaidi, iko chini ya usawa wa bahari!

Joto la chini lina sehemu yake, na silikatai. Mwaka 2011 David Hilton na wenzake walipima gesi ya heli ya Rungwe, wakakuta alama ya miamba inayopanda kutoka kina kirefu. Lakini kuinua si kutenganisha. Ardhi ikishainuliwa, uzito wake wenyewe huilazimisha itanuke kuelekea pande zilizo chini. Hesabu za Sarah Stamps na wenzake za mwaka 2015 zinaliunga mkono hili: nguvu iliyohifadhiwa katika miinuko ya Afrika ndiyo inayotenganisha bamba la Nubia na la Somalia, yaani pande mbili za bamba la Afrika, na msuguano wa miamba ya chini hata huizuia kiasi.

Mbona basi nyanda zote za juu hazipasuki? Kwa sababu ufa huchagua udhaifu wa zamani. Hapa unafuata mshono wa Ubende, wenye umri wa takriban miaka bilioni 2. Wala hii si mara ya kwanza ganda kutanuka hapa: makaa ya mawe ya Mchuchuma yalilala katika mabonde ya zama za Karuu, zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, ganda lilipotanuka bila bara kugawanyika.

Walimu wa jiografia wa Njombe na Makambako, tafadhali watandazieni wanafunzi ramani ya miinuko ya Afrika kabla ya kuchora mishale ya mikondo.