Taa ya eabegi inawaka kwenye gari la umeme? Anzia hapa kabla ya kubadili kitu

Ukiwasha Nissan Leaf, taa nyekundu ya eabegi huwaka kama sekunde 7 kisha inazima. Hiyo ni kawaida, mfumo unajikagua. Ikibaki inawaka, ikipepesa au isipowaka kabisa, kuna hitilafu.

Usiipotezee. Taa ikiwa hivyo, eabegi inaweza isifunguke kwenye ajali. Kwenye Leaf, ajali inayofungua eabegi pia hulifanya gari likate umeme mkubwa wa betri kuu. Kwa hiyo taa hii inahusu zaidi ya mifuko ya hewa tu.

Anza na betri ndogo

Eabegi haitumii betri kuu. Inatumia betri ndogo ya volti 12, kama ile ya gari la mafuta. Ikiwa imechoka au gari liliwahi kuzimika chaji, mfumo unaweza kuhifadhi kosa na taa ikagoma kuzima hata baada ya chaji kurudi. Hapo betri ipimwe kwanza, kisha kosa lifutwe kwa kompyuta.

Soma kodi

Kodi za eabegi huanza na herufi B. Vifaa vingi vya bei poa vya kuchomeka kwenye gari husoma kodi za P peke yake, hivyo kikikuambia "hakuna kosa" usishangilie. Tafuta fundi mwenye mashine inayoingia kwenye mfumo wa eabegi.

Sehemu zinazosumbua sana

• Chini ya viti vya mbele: plagi za njano hulegea kiti kinaposogezwa mara kwa mara, au mtu akisukumia mizigo huko.

• Ndani ya usukani: kuna waya bapa uliojiviringisha. Ukikatika, mara nyingi honi au vitufe vya usukani navyo vinagoma.

• Kwenye mkanda: kifungio na kikaza mkanda navyo vimo kwenye mfumo huu huu.

• Gari lililowahi kugongwa: huenda kihisi cha mgongano au kompyuta ya eabegi haikubadilishwa.

Usiguse hovyo

Plagi na waya za njano ni za eabegi. Za rangi ya machungwa ni za umeme mkubwa, zaidi ya volti 300. Kabla fundi hajachomoa plagi ya njano, gari lizimwe, betri ya volti 12 ichomolewe, kisha asubiri angalau dakika 3. Eabegi yenyewe haipimwi kwa mita ya kawaida, kwa sababu umeme wake mdogo unaweza kuilipua.

Ukinunua la mtumba

Wapo wanaotoa taa kwenye dashibodi au kufunga rezista ili kompyuta idhani eabegi ipo. Washa gari mwenyewe na uhesabu sekunde. Taa isipowaka kabisa, omba gari lipimwe kwa kompyuta kabla hujalipa. Ikiwaka na kuzima kawaida, bado kagua usukani na dashibodi kama zimewahi kufunguliwa au kubandikwa, maana rezista inaweza kuidanganya hata taa.