Jiometri haitaki kukariri: Mazoea yamfaayo mwanafunzi wa shule ya upili

Miongoni mwa mada za hisabati zinazowatoa jasho wanafunzi wa shule za upili nchini, jiometri haikosi kutajwa. Aghalabu utamsikia mwanafunzi aliyezoea kupata alama nzuri katika aljebra akilalamika kwamba akikutana na duara lenye mistari mitatu ndani yake, hajui aanzie wapi.

Chanzo cha tatizo hili mara nyingi si uzito wa mada yenyewe bali ni namna inavyosomwa. Wengi hukariri kanuni pamoja na michoro ya vitabuni. Mchoro ule ule ukigeuzwa kidogo katika mtihani, wao huuona kama kitu kigeni kabisa.

Jiometri ni tawi la hisabati linaloshughulikia maumbo, vipimo vyake na mahali yalipo. Jina lake limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kupima ardhi. Yapata mwaka wa 300 kabla ya Kristo, msomi Euclid wa mji wa Alexandria nchini Misri aliyakusanya maarifa ya fani hii katika vitabu 13. Alianza kwa kweli chache zilizokubalika, kisha akazitumia kuthibitisha nyingine, moja baada ya nyingine. Mpangilio huo ndio uti wa mgongo wa somo hili hadi leo: dai halikubaliwi mpaka sababu yake itolewe.

Yanayotarajiwa darasani

Katika silabasi ya mfumo wa 8-4-4, jiometri humwandama mwanafunzi kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Kidato cha kwanza huanza na pembe, maumbo bapa, uchoraji wa maumbo kwa rula na bikari, na michoro ya vipimo. Kidato cha pili huongeza maumbo yanayofanana, mzunguko wa maumbo, kanuni ya Pythagoras na pembe za duara. Kidato cha tatu hurejelea duara kwa undani zaidi, nacho kidato cha nne hufikia maumbo ya pande tatu pamoja na longitudo na latitudo.

Ni wazi kwamba mada hizi zimejengwa kama ngazi. Asiyeelewa pembe za mistari sambamba katika kidato cha kwanza atakwama kwenye maumbo yanayofanana mwaka unaofuata, na pengo hilo litamfuata hadi chumba cha mtihani. Hasara yake ni kubwa, kwa kuwa alama ya hisabati huamua iwapo mwanafunzi ataweza kusomea kozi kama uhandisi, usanifu wa majengo na upimaji wa ardhi.

Watahiniwa wa mwisho wa mfumo huo wanatarajiwa kufanya mtihani wa KCSE mwaka wa 2027, huku kundi la kwanza la Gredi ya 10 likiwa la mwaka wa 2026 chini ya mtaala wa umilisi. Hata hivyo, pembe hazibadiliki pamoja na mtaala. Mazoea yanayoelezwa hapa yanawafaa wanafunzi wa mifumo yote miwili.

Sababu kwanza, jibu baadaye

Tuchukue mfano. Duara lina kitovu O, na mstari AB ni kipenyo chake. Nukta C iko kwenye mzingo wa duara, nayo pembe CAB ni nyuzi 35. Mwanafunzi ameulizwa atafute pembe ABC na pembe COB.

Anayekariri atapekua akilini mchoro unaofanana na huu. Anayefikiri atajiuliza: nimepewa nini, na kila nilichopewa kinanifunulia nini? AB ni kipenyo, kwa hivyo pembe ACB ni nyuzi 90, kwa sababu ni pembe iliyo katika nusu duara. Pembe za pembetatu zikijumlishwa ni nyuzi 180, kwa hivyo pembe ABC ni nyuzi 55. Nayo pembe COB ni nyuzi 70, kwa kuwa pembe ya kitovuni ni maradufu ya ile ya kwenye mzingo inayotokana na tao lile lile.

Jibu hilo linaweza kuhakikishwa kwa njia nyingine. OC na OB ni nusu vipenyo, hivyo basi vina urefu sawa. Pembetatu OCB ina pande mbili sawa, na pembe zake mbili za chini ni nyuzi 55 kila moja. Zinazosalia ni nyuzi 70. Mwanafunzi aliyezoea kulifikia jibu kwa njia mbili hahitaji kumwuliza jirani yake kama amepata.

Maswali ya duara katika KCSE mara nyingi humtaka mtahiniwa atoe sababu. Anayeandika nambari tupu hupoteza alama hata kama nambari yenyewe ni sahihi.

Mkono na bikari

Jiometri hujifunzwa kwa mkono sawa na inavyojifunzwa kwa akili. Kila mwanafunzi anahitaji rula isiyokatika kingo, bikari isiyolegea, kipimapembe na penseli iliyochongwa vyema. Bikari iliyolegea hupanuka katikati ya kazi na kuharibu mchoro mzima.

Swali linapoagiza kwamba itumike rula na bikari pekee, kipimapembe kinafaa kuwekwa kando. Matao yaliyochorwa yasifutwe, kwani ndiyo ushahidi wa njia iliyotumika.

Hapa pia kuelewa kunashinda kukariri. Pembe ya nyuzi 60 hupatikana kwa sababu matao mawili ya kipimo kimoja huunda pembetatu yenye pande tatu sawa. Ukiigawa mara mbili, unapata 30. Ukiweza kuchora ya 90, kuigawa kunakupa 45. Nafasi iliyo kati ya 60 na 90 ikigawanywa mara mbili inakupa 75, na ile iliyo kati ya 90 na 120 inakupa 105. Mbinu mbili tu zimezaa pembe nyingi.

Mazoea ya kila siku

Kwanza, mwanafunzi achore mchoro wake mwenyewe, mkubwa na safi, hata pale kitabu kimemchorea. Aandike juu yake kila kipimo alichopewa, na aweke alama kwenye pande zilizo sawa na mistari iliyo sambamba.

Pili, afanye mazoezi kidogo kila siku. Maswali matatu kila jioni yana manufaa kuliko maswali 20 yaliyorundikwa usiku wa Jumapili.

Tatu, awe na daftari la makosa. Kila swali alilokosa aliandike upya, na kando yake aeleze kosa lilitokea wapi. Mathalani, wengi hudhani kwamba urefu ukiongezwa maradufu, ujazo nao huongezeka maradufu. Tangi la lita 500 likitengenezewa jingine la umbo lile lile lakini lenye vipimo vyote maradufu, hilo kubwa litabeba lita 4,000, kwa sababu 2 mara 2 mara 2 ni 8.

Nne, aangalie vitu halisi. Kisanduku cha chaki na kijiti cha ufagio vyatosha kuonyesha pembe iliyo kati ya mstari na bapa, jambo ambalo karatasi hulificha. Vilevile fundi wa ujenzi anayepima kamba kwa urefu wa 3, 4 na 5 ili kona ya msingi iwe mraba anatumia kanuni ya Pythagoras, kwa maana 9 na 16 ni 25.

Tano, amweleze mwenzake. Somo hufundishwa kwa Kiingereza na sababu zitaandikwa kwa lugha hiyo katika mtihani, lakini hakuna kinachomzuia mwanafunzi kulifafanua jambo kwa Kiswahili au lugha ya mama. Asiyeweza kulieleza kwa lugha anayoimudu bado hajalielewa.

Wajibu wa walimu na wazazi

Mwalimu anatarajiwa kusahihisha hatua za kazi pamoja na jibu la mwisho, na kuwapa wanafunzi nafasi ya kuuliza “kwa nini” bila kuchekwa. Mzazi naye si lazima awe mjuzi wa hisabati. Anaweza kununua vifaa mapema na kumwomba mwanawe amfafanulie swali moja la siku hiyo.

Maandalizi ya mtihani

Kila karatasi ya hisabati ya KCSE huchukua saa mbili na nusu na ina alama 100. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima yenye jumla ya alama 50, na sehemu ya pili ina maswali manane ambapo mtahiniwa huchagua matano ya alama 10 kila moja. Hesabu hiyo yampa dakika moja na nusu kwa kila alama, yaani dakika 15 kwa swali la alama 10. Kwa hivyo, karatasi za miaka iliyopita zifanywe kwa saa mkononi.

Haraka haraka haina baraka. Mwanafunzi anayeanza mapema, akachora kwa mkono wake na kuitafuta sababu ya kila hatua, hatatishwa na mchoro uliogeuzwa.