Mnazi Mmoja: Uwazi Uliochorwa kwa Jina la Afya

Ukitoka Kariakoo kwa miguu kwenda Posta, lazima uvuke Mnazi Mmoja. Wengi tunapajua kwa mnara wa Mwenge wa Uhuru na kwa vivuli vya miti yake. Wachache wanajua kwamba uwazi ule ulihesabiwa kuwa dawa. Tena dawa ya nani? Si ya watu wa Kariakoo.

Mwaka 1891 Wajerumani walitunga kanuni za ujenzi zilizogawa Dar es Salaam kwa aina ya nyumba. Rangi ya mtu haikutajwa, lakini mwenye kibanda cha udongo na makuti angepata wapi hela ya kujenga jumba la Kizungu pale ufukweni? Waingereza walipouchukua mji mwaka 1916 waliukuta mgawanyo huo wakauendeleza. Ndipo tukazoea kusema Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na Mnazi Mmoja ikabaki wazi katikati ya Uhindini na Kariakoo.

Hoja yao ilikuwa na sayansi ndani yake, tusiwasingizie. Mwaka 1897 Ronald Ross alikuwa ameonyesha kwamba mbu ndiye anayebeba vimelea vya malaria. Basi madaktari wa kikoloni wakapiga hesabu: watoto wa Kiafrika wana vimelea damuni, mbu haruki mbali sana, kwa hiyo Mzungu alale mbali nao. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alitumwa na serikali ya Uingereza kukagua usafi wa miji ya Kenya, Uganda na Zanzibar, naye akapendekeza watu watenganishwe kwa mbari.

Ila sasa, wapishi, maboi na yaya walikuwa wanalala wapi? Uani kwa mabwana zao, hukohuko Uzunguni! Mbu hakuhitaji hata kuvuka uwanja. Hapo ndipo mimi naona sayansi iligeuzwa kisingizio. Aliyemwogopa mbu kwelikweli angeanza na madimbwi, mitaro na maji ya bomba, na angeanzia kule walikoishi watu wengi zaidi. Kariakoo ilipata mitaa iliyonyooka kama rula, ramani yake inapendeza kuitazama hadi leo, lakini mabomba na mitaro vilikuja kwa kuchelewa na kwa kubaniwa.

Urithi huo haujatutoka. Mvua kubwa ikinyesha, maji yanatuama mitaa ya Kariakoo, na bonde la Msimbazi kule Jangwani linajaa. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu jijini, na baadhi ya waliokosa makazi wakapelekwa Mabwepande, mbali na kazi zao.

Mnazi Mmoja yenyewe imewageuka walioichora. Ni sehemu chache za katikati ya jiji ambako mtu anaweza kukaa bure chini ya mti akapata upepo, na wanaokaa ni wachuuzi, wapiga debe na wapita njia wa kutoka Kariakoo.