Neno la Kirumi katika Udongo wa Kakamega

Limo katika Kiingereza neno moja ambalo aghalabu halisikiki sokoni wala barazani, bali hukaa katika taarifa za wajuzi wa miamba, nalo ni "auriferous". Na hapa Kakamega, magharibi mwa Kenya, lilipata kuwa na nguvu kuliko ahadi ya serikali.

Asili yake ni Kilatini: "aurum" ni dhahabu, ambayo hata leo wanakemia huiandika kwa herufi Au, na "ferre" ni kubeba au kuchukua. Washairi wa Rumi waliupa mto Tagus sifa hiyo, mto upitao Hispania na Ureno hata ukamwagika baharini penye mji wa Lisbon, kwa kuwa mchanga wake ulichukua chembe za dhahabu. Basi jabali likiitwa hivyo, maana yake limebeba dhahabu, iwe nyingi au haba.

Mwaka 1931 mlowezi Mmarekani, L. A. Johnson, aliipata dhahabu Kakamega, na habari ilipoenea Wazungu wakamiminika, wakiwamo wakulima waliodhikishwa na kuanguka kwa bei za mazao duniani. Na mwaka uliofuata akaja Sir Albert Kitson, mjuzi wa miamba, kuikagua nchi kama miamba yake ni "auriferous". Wakati huo sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imekwisha kuwaahidi wenyeji ardhi yao milele, na kwamba sehemu itakayotwaliwa italipwa kwa nyingine yenye thamani sawa. Lakini Desemba 1932 sheria ikageuzwa, ardhi ya machimbo ikaweza kutwaliwa kwa fidia ya fedha tu, pasipo kulitaka shauri baraza la wenyeji, na malalamiko yakafika hata Bunge la Uingereza.

Mgodi wa Rosterman, uliokuwa mashuhuri kupita yote, ulifungwa mwaka 1952. Hata hivyo uchimbaji wa mikono haukukoma: wanawake huponda mawe kwa nyundo, huuchekecha unga wake majini ndani ya karai, kisha huzikamata chembe kwa zebaki, ambayo ni sumu.

Kitenzi hicho "ferre" ndicho kilichozaa pia "transfer", yaani kuhamisha milki. Kilatini kiliweza kueleza kilichomo ardhini; ama ardhi yenyewe ni ya nani, hilo lilikuwa swali la sheria, na sheria ya mwaka 1932 ililijibu kabla wenyewe hawajaulizwa.