Taarifa za kusasisha Flash Player ni mtego

MTUMIAJI wa kompyuta anayeletewa mara kwa mara taarifa ya kumtaka asasishe programu ya Flash Player hana budi kujihadhari, kwani taarifa hiyo ni ya uongo.

Kampuni ya Adobe ya Marekani iliacha kuihudumia programu hiyo Desemba 31, 2020, na kuanzia Januari 12, 2021 ikaizuia isifanye kazi.

Mara nyingi taarifa hizo hutumwa na tovuti ambayo mtumiaji aliipa ruhusa bila kutambua. Akizikubali, anaweza kuingiza virusi.

Ili kuzikomesha, afungue mipangilio ya kivinjari, sehemu ya taarifa, na kuzifuta tovuti asizozifahamu. Flash Player yenyewe, ikiwa ingalimo, iondolewe.