Noeli na Bonane katika Kivu: mapambo, zawadi na namna ya kusaidia

Kwetu katika Kivu, mwisho wa mwaka una siku kuu mbili zinazofuatana. Kuna Noeli tarehe 25 Desemba, na kuna Bonane tarehe 1 Januari. Neno Bonane lilitoka kwa Kifaransa lakini siku hizi ni letu kabisa: ni mwaka mpya, tena ni zawadi yenyewe. Ndiyo sababu asubuhi ya tarehe 1 watoto wanapita nyumba kwa nyumba na nguo zao mpya: "Bonane, mama! Munipatiye Bonane yangu!" Mwenye kujua desturi anakuwa tayari na bombo, mandazi ao franka kidogo.

Wazee wanakumbuka kama siku kuu hii iliwahi kuondolewa. Mwaka 1974, wakati wa Mobutu, nchi ikiitwa Zaïre, serikali ilitoa Noeli kwenye hesabu ya siku za mapumziko. Makanisa hayakuacha kusali. Leo tarehe 25 Desemba ni tena siku ya mapumziko kwa nchi nzima.

Kwa mapambo, watu wengi hawanunui sapini ya dukani. Wanakata tawi la sipre, mti uliopandwa sana kwenye milima yetu, wanalisimamisha ndani ya kopo lenye mchanga, wanazungushia karatasi za kung'aa na mapulizo, kisha wanatawanya pamba juu yake kuwa kama theluji. Inachekesha kidogo. Theluji yetu ya kweli iko juu ya Ruwenzori, kwenye mita 5.109, na hata kule barafu inaendelea kupungua. Kreshi ndiyo inapendeza zaidi: vijana wa paroasi wanafinyanga Yosefu, Maria na ng'ombe kwa udongo, wanaezeka kibanda kwa nyasi na majani ya mgomba. Goma hawatafuti mawe mbali, lava nyeusi ya Nyiragongo iko mlangoni.

Lakini tuseme wazi juu ya moto. Tawi la sipre likikaa siku kumi linakauka, na utomvu wake unawaka kama petroli. Pamba na karatasi vinasaidia moto kupanda. Katika kartiye za nyumba za mbao zilizobanana, kama Kadutu kule Bukavu, mshumaa mmoja unaweza kumaliza avenue nzima. Basi mwagilia mchanga wa kopo kila siku, na mshumaa usikaribie mti hata kidogo. Taa ndogo ya jua inatosha. Kama una taa za umeme, zichomoe kabla ya kulala, sababu umeme ukikatika kisha ukarudi kwa nguvu usiku, hakuna anayeona.

Makuta ya siku kuu yanatoka wapi? Kwa familia nyingi yanatoka kwa AVEC, kile kikundi cha watu 15 mpaka 25 wanaonunua sehemu kila juma na kutia feza ndani ya kasha lenye kufuli 3, kila funguo na mtu wake. Mzunguko unachukua miezi 9 mpaka 12, na vikundi vingi vinapanga kugawana mwezi wa Desemba. Wengine wanachanga mwaka mzima kwa ajili ya ng'ombe, anachinjwa siku kuu ikikaribia, kila mmoja anarudi na kilo zake. Ni mpango mzuri. Shida ni kugawana tarehe 22 na kukuta mfuko mtupu tarehe 2, wakati Januari inaleta masomo tena. Shule za msingi za serikali zilifanywa bure tangu mwaka 2019, lakini sekondari bado wanadai. Mama mwenye akili anatenga minervali kwanza, nguo baadaye. Mtoto atanuna siku moja, itapita.

Zawadi inayokumbukwa si lazima iwe ya bei. Kikwembe ndicho kinaongoza: yadi 6 zinatosha blauzi, cha kujifunga na kingine cha juu. Kwa wakwe, kuku mzima wa kufuga ana heshima kuliko kuku wa friji, sababu anaendelea kuzaa. Kwa ndugu wa Kinshasa, watu wanafunga jibini ya Masisi, kahawa ya Kivu ao sambaza zilizokauka. Wa Bukavu wanafurahia mananasi ya Idjwi. (Hizo sambaza nazo ni wageni, zililetwa ziwani kutoka Tanganyika miaka ya 1950.)

Kuhusu kusaidia, tunaona makosa yale yale kila mwaka. Kikundi kinapeleka nguo kwa waliokimbia vita bila kuuliza, na mara nyingi wanachohitaji ni sabuni, sufuria, makala na blanketi. Ongea kwanza na mama mmoja ao wawili wa pale. Usisahau pia familia zilizowapokea wakimbizi nyumbani. Hao hawaandikwi kwenye liste yoyote. Na simu ya kupiga picha ibaki mfukoni. Mtu hapaswi kulipa kilo mbili za mchele kwa uso wake.

Kama mko wachache na mumechanga kidogo, nendeni maternite. Katika nchi yetu kuna mama waliojifungua na kupona, lakini wanabaki hospitalini majuma na majuma juu ya fakture haijalipwa. Ulizeni kwa muuguzi mkuu, someni fakture, lipeni kwa keshia mwenyewe na si kwa mkono wa mtu, muombe resi. Mama apewe resi hiyo na karatasi yake ya kutoka. Muongeze kikwembe cha kubebea mtoto, na franka za moto ya kufika nyumbani.